Basi, Jenereta na King'ora Kibovu

14 Januari

Mpwa wangu Fundi,

Marahaba kabla hujanisalimia, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi hatujambo. Mwalimu amestaafu, wenzake wa shuleni wamempa saa ya ukutani, na tangu siku hiyo mke wangu huyo anazunguka ndani ya nyumba kama mtu anayetafuta madaftari ya kusahihisha. Mama yako alikuja kututembelea akiwa na mafua na maneno mengi. Alipoondoka, mafua alituachia, maneno akaenda nayo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Lile basi dogo nililolinunua kwa kampuni niliyokuwa nikiiendeshea lori limekamilika. Viti nimeng'oa vyote isipokuwa cha dereva na cha pembeni yake. Nyuma kuna kitanda, katikati meza na jiko la gesi, karibu na mlango pipa la maji lenye pampu ndogo. Mvua zikiisha, mimi na Mwalimu tunapanda vilimani, kule kwenye bwawa, tukakae mpaka tuchoke wenyewe. Huko hakuna hata nguzo moja ya umeme. Tunahitaji umeme wa kubeba: friji ndogo, feni, pampu, simu na taa. Taa ziwe kali, moja juu ya meza, moja juu ya kitanda, moja mlangoni. Sitaki vile vitaa hafifu vinavyomfanya mtu aonekane kivuli.

Wewe binti ndiye unayefunga vitu hivi huko mjini, kwa hiyo nieleze. Ni jenereta ya petroli, au hayo maboksi ya betri yanayochajiwa na jua? Moyo wangu uko kwa jenereta, lakini sitaki kusikia baadaye kwamba sikuuliza. Nijibu kwa barua tafadhali. Simu yangu ina matatizo.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba,

Shikamoo hata kama umeshaitikia. Mimi mzima. Bosi amehamisha duka, benchi langu sasa liko dirishani, na kila anayepita anaingia kuniuliza kama natengeneza redio. Yule muuguzi niliyekuwa nakaa naye amepata kazi mbali, kwa hiyo nyumba nzima ni yangu na mende wawili watatu.

Umeniuliza swali fupi lenye jibu refu. Umeme wa kubeba hauchaguliwi kwa macho, unaanza na vitu utakavyowasha na utaviwasha kwa muda gani. Friji yako haili sana, ila inakula mchana na usiku. Pampu ina pupa, lakini kazi yake ni ya mara moja moja. Kitu chochote cha kutoa joto, kama pasi au birika la umeme, kiache nyumbani, maana hivyo ndivyo vinavyokausha betri. Kwa hesabu hiyo boksi la wastani linawatosha, pamoja na paneli mbili za jua juu ya paa. Chukua la lithiamu. Betri za asidi ni nzito, hazipendi kutumiwa mpaka ziishe, na sioni kwa nini mlale chumba kimoja na asidi. Siku ya mawingu unalichaji kutoka kwenye injini ya basi.

Jenereta ina nguvu, sikatai. Lakini inanguruma, inanuka, na itakushusha mlimani kila mara kutafuta petroli. Unakwenda huko juu kusikiliza nini, Mjomba? Injini umezisikiliza maisha yako yote.

Halafu na mimi nina swali. Simu yako ina matatizo gani? Nimepiga, inaita vizuri tu. Nimepiga ya Mwalimu nikaomba nikusalimie, akasema uko nje. Jioni uko nje. Jumapili asubuhi uko nje. Huko nje kuna nini? Na taa tatu kali za watu wawili ni za nini, mnafungua duka?

Mpwa wako


28 Februari

Fundi,

Sisi wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha kila kiti nilichong'oa. Mwalimu ameshona mapazia ya basi. Ya njano. Sikuulizwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kama mtu anayenunua gari la mkononi. Mbona unalisukuma sana hilo boksi? Bosi wako anakupa nini kila linapotoka dukani? Sikulaumu, kila mtu na kazi yake, lakini mimi ni mjomba wako, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mngurumo haunisumbui. Jirani yangu seremala alituazima jenereta yake tujaribu. Tuliiwasha uani, tukakaa mezani ndani ya basi tukala. Mwalimu alilalamika kwamba inambidi apaze sauti. Mimi sijakaa raha namna ile kwa muda mrefu. Kelele zikiwepo hakuna anayemshangaa mwenzake akikaa kimya.

Nikuambie wewe tu. Mwalimu ana tabia mpya. Mwanamke aliyekuwa akiita darasa zima kutoka uwanjani bila kengele, siku hizi anaongea chini chini. Anageukia sinki, anasema kitu kwenye vyombo, kisha ananitazama kama ananidai jibu. Mama yako akija wanajifungia jikoni wananong'ona, nami nikiingia wananyamaza. Wana jambo. Sijui kama na wewe umo.

Kuhusu taa, macho yamezeeka. Kuhusu simu, mtu mzima ana haki ya kuwa nje.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilitaka kuanza kwa habari za kazi, lakini barua yako imenikera na sijui kuficha. Bosi hanipi chochote kwa maboksi. Nilikushauri nilivyomshauri mama yangu mzazi, na yeye angalau alisema asante.

Simo kwenye njama yoyote. Lakini sitakudanganya pia. Mama ameniambia jambo aliloambiwa na Mwalimu, na siliandiki hapa kwa sababu sitaki kuliamini. Nitakuuliza hivi tu: kuna mtu unayeongea naye ukiwa huko nje? Mtu hakimbii simu ya nyumbani bila sababu. Wala haombi bure ajibiwe kwa barua, kisha akasifu kelele, kisha akasema mkewe ndiye mwenye siri. Nimekujua tangu nikiwa nakaa katikati yako na Mwalimu kwenye lori lako, na hiki unachokifanya sikielewi.

Haya, umeme. Kama umeng'ang'ania jenereta, nisikilize kwa hili moja. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Huioni, huinusi, unasikia usingizi mtamu tu na habari yako imekwisha. Iweke mbali na basi, bomba la moshi likitazama upande mwingine, na isiwe ndani, wala mlangoni, wala chini ya basi, hata mvua ikinyesha mawe. Nimeweka king'ora kwenye kifurushi hiki. Hewa ikichafuka kitapiga kelele. Nimekijaribu mwenyewe hapa kabla ya kukifunga. Kitundike juu ya meza, usikiweke kabatini.

Msalimie Mwalimu. Kwa mdomo wako, kama unaongea naye.

Mpwa wako


6 Mei

Fundi,

Sikuandika kwa sababu ya swali lako. Nilitaka kwanza hasira ipoe, maana barua ikishatumwa hairudi. Sina mtu nje. Nje nina banda la kuku na kiti. Basi.

Ninaandika sasa kwa sababu ya kile kifaa chako. Ni kibovu, na kidogo kiniue.

Wiki iliyopita Mwalimu alikwenda kuchukua dawa zake za presha. Nikaona niwashe ile jenereta ya seremala nijaribu friji. Mvua ikaanza. Jenereta ya watu haifai kulowa, kwa hiyo nikaisogeza mpaka kwenye ngazi ya mlango, chini ya kile kibati cha kukinga mvua, nikafunga madirisha ili mapazia ya watu yasilowe. Najua ulichosema. Nilidhani ni kwa muda mfupi. Nikakaa mezani, kichwa kikaanza kuuma, kisha usingizi ule ule uliousema. Kitaa chekundu cha kifaa chako kilikuwa kikiwaka na kuzima juu ya kichwa changu, nikadhani kinataka betri mpya. Kelele hakikupiga.

Nilichokumbuka baada ya hapo ni Mwalimu akinivuta kwa mikono yote miwili kwenye tope. Nilitapika juu ya viatu vyake. Anadai alikisikia king'ora tangu akiwa getini, mwavuli akautupa, akakimbia. Nimemwambia haiwezekani, aliyekuwa amekaa chini yake ni mimi, na mimi sikusikia kitu. Akanitazama vibaya sana. Tangu siku hiyo haniambii zaidi ya chakula kiko mezani. Nadhani anataka nionekane mwongo.

Nilipopata nafuu nikakibonyeza mwenyewe kile kitufe cha kujaribia. Kimya. Nimebonyeza tena na tena, kimya. Nakurudishia ukione. Umwambie bosi wako asiwauzie watu vitu vya kuwaua.

Mjomba wako


19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, au tuseme habari ni hii.

Kifurushi kimefika. Nilikifungulia kwenye benchi, bosi akiwa nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Nikabonyeza kitufe. Bosi alijimwagia chai yote mapajani. Mteja aliyekuwa akichagua waya aliinama kama anakwepa jiwe. Mlinzi wa duka la ng'ambo ya barabara alikuja mbio na rungu. Mjomba, hiki kitu hakina ubovu wowote. Kinapiga kelele nyembamba inayochoma mpaka kwenye meno.

Nilikizima, nikakaa, na sikuweza kufanya kazi tena siku hiyo.

Husikii. Ndiyo hiyo, nimeiandika, unikasirikie ukitaka. Husikii sauti nyembamba, na za watu zinakupotea. Ndiyo maana injini unaisikia na king'ora hukisikii. Ndiyo maana simu ina matatizo. Unataka taa kali juu ya meza na juu ya kitanda kwa sababu unasoma midomo ya watu, na gizani huwezi. Unataka jenereta ingurume ili sote tuwe kama wewe, kila mtu apige kelele na asiwepo wa kukugundua. Mwalimu hanong'oni, Mjomba. Wala mama yangu hanong'oni, huyo hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Unajitia hamnazo mbele ya watu wanaokupenda, na safari hii kidogo tukuzike.

Nakumbuka lile lori. Injini ilikuwa katikati ya viti, chini ya godoro nililokuwa nalalia, na madirisha wazi kwa ajili ya joto. Tulikuwa tukikuomba maji kwa kupiga mayowe. Mtu hawezi kukaa mle miaka yote ile akatoka na masikio mazima. Si aibu. Ni kazi iliyofanya hivyo.

Sasa nakuandikia lile nililokataa kuliandika. Mwalimu anaamini una mwanamke. Alimwambia mama yangu kwamba unatoka nje simu ikilia, kwamba akikusemesha humjibu, kwamba umeanza kulala umempa kisogo. Alisema anajua mume aliyechoka anafananaje. Na mimi, nisamehe, nilianza kumwamini. Niliposoma kuhusu tope na viatu nililia, kwa sababu mwanamke anayeamini ameachwa ndiye aliyetupa mwavuli akakimbia.

Boksi sikuuzii. Jenereta usiniulize tena. Sikupi ushauri wowote wa umeme mpaka umwambie Mwalimu. Ukipanda vilimani na siri hiyo, na jiko la gesi, na kitu chochote chenye moshi, siku Mwalimu akienda kuchota maji itakuwa mwisho wako, na sitaki kuwa mtu aliyekusaidia kuchagua.

Fundi wako


10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Je, barua yangu ilifika? Mama anasema basi bado liko uani na Mwalimu ameonekana akikunja nguo zake kwenye begi. Hakumweleza anakwenda wapi. Nimeshika simu mara nyingi nimpigie nimwambie mwenyewe, nikaiweka. Ni lako la kusema. Lakini ukichelewa, nitapiga.

Fundi


27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba zote mbili. Barua zilifika. Usipige.

Ile ndefu niliisoma nikiwa kwenye kiti cha dereva, na kwa muda mrefu nilikuchukia. Nilisema huyu mtoto niliyembeba kwenye lori, leo ananiita kiziwi. Nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Kila shati nililovaa niliihamisha. Sikujua Mwalimu anautazama huo mfuko. Kumbe alikuwa anaona bahasha yenye mwandiko wa kike, na mume anayeipapasa kila baada ya muda, na hasemi kitu. Ongeza hilo kwenye yale yote uliyoniandikia. Mimi niliona begi likijaa, nikajiambia anajiandaa kwa safari yetu ya vilimani. Hata kwa macho nilikuwa kiziwi.

Asubuhi moja alikuja kwenye basi, akaketi mbele yangu mezani, akanyoosha mkono. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa linamwangaza usoni, kwa hiyo nilimwona vizuri akisema, "Nipe hiyo barua. Nataka kujua anaitwa nani kabla sijaondoka."

Nikamwambia ni ya Fundi. Hakuamini. Ningempa aisome, lakini niliona nitakuwa nimekutuma wewe tena kufanya kazi yangu. Nikamwambia mwenyewe. Nilimwambia sisikii, kwamba ilianza kidogo kidogo nikiwa bado kazini, kwamba niliogopa kunyang'anywa lori, na nilipostaafu niliogopa kuwa mzee wa kupigiwa kelele na kuchekwa na watoto wa mtaani. Nilimwambia kule nje simu ikilia nilikuwa nakaa bandani na kuku mpaka inyamaze. Nikamaliza.

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Masikio tu?"

Nikasema ndiyo.

"Masikio tu, na mimi nimekwisha kumwandikia kaka yangu anitayarishie chumba." Akachukua kitambaa cha vyombo akanichapa nacho begani, mara moja, halafu ya pili kwa nguvu zaidi. Niliona mabega yake yanaruka, nikadhani anacheka. Alikuwa analia.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Amesema sauti nyembamba zimekwenda hazirudi, nzito zimebaki, na kuna kifaa cha kuvaa kitakachonisaidia kiasi. Jenereta nimemrudishia seremala. Alishangaa, alijua nimeshaiposa. Kwa hiyo Fundi, sasa nakuuliza kama mteja mwenye akili timamu. Tuletee boksi la lithiamu, paneli mbili na waya wa kulichaji kutoka kwenye injini. Usilipime kwa friji, lipime kwa taa, maana jioni nitakuwa natazama midomo ya mtu anayeongea kuliko redio. Na king'ora cha jiko la gesi, kama kipo cha kuweka chini ya mto kikamtikisa mtu. Mwalimu anasema kama hakipo atanitikisa yeye.

Ninamalizia na hili, na ulibakishe kwako. Baada ya kulia aliniuliza kama nakumbuka ile siku umeme ulipokatika mtaa mzima na tukaenda kulala mapema. Nikasema nakumbuka, nililala chali nikitazama giza, usingizi haukuja. Akasema, "Nilikuuliza usiku ule kama bado unataka kuishi na mimi. Nilijua uko macho. Hukujibu."

Mpwa wangu, nilikuwa nimelala pembeni yake na sikusikia hata pumzi. Miezi yote hiyo amekuwa akipika, akishona mapazia, akinivuta kwenye tope, na jibu langu alikuwa ameshalipata.

Nikamwomba aniulize tena. Akasema haulizi upuuzi huo mchana kweupe. Nikamwomba tena. Akageuza kiti anielekee sawasawa, akaniuliza polepole, kama anavyomwuliza mtoto wa darasa la kwanza, na nikamjibu.

Mjomba wako